Kugeuza Hiace ya abiria kuwa gari la kulala safarini: mwongozo kamili

Kabati langu la kwanza lilikufa kati ya Mto wa Mbu na Engaruka. Lilikuwa la mninga na MDF, limepigwa vanishi likang'aa, na kila aliyechungulia garini pale Arusha alilisifu. Barabara ya vumbi inayoelekea Ziwa Natron ina mawimbi madogo madogo yasiyokwisha. Baada ya saa mbili za kutikiswa, skrubu zilianza kujifungua zenyewe, moja baada ya nyingine. Tulipouona mlima Ol Doinyo Lengai, mlango mmoja ulikuwa unaning'inia, sukari imechanganyika na mchele, mafuta ya kula yanatiririka kuelekea kwenye godoro. Fundi hakuwa na kosa. Nilimwambia atengeneze kabati la jikoni, naye akatengeneza kabati la jikoni.

Hiace niliyo nayo sasa ni ya pili kuifanyia kazi hii, na kila uamuzi nilioufanya ndani yake nimeupima kwa ile barabara. Kitu kikiwa kizito, kikiwa na viungo vingi, au kikishikiliwa na skrubu za mbao tupu, kitakuja kudai chake mbali na gereji.

Kuchagua gari

Kwetu chaguo ni tatu. Noah inatosha mtu mmoja au wawili wanaopendana sana. Coaster ni nyumba kamili, ila ina zaidi ya mita sita, inakula dizeli ya nyumba kamili, na njia nyembamba za Lushoto si rafiki zake. Hiace iko katikati, na ina sifa ambayo hutaithamini mpaka likuharibikie mahali: hakuna mji mdogo usio na fundi aliyewahi kuifungua, na vipuri vyake viko kila duka.

Kizazi kilichoanza kutoka kiwandani mwaka 2004 ndicho ninachokishauri. Ile ya kawaida, isiyo ndefu zaidi wala pana, ina urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7 kwa nje. Ukitoa viti vya nyuma unabaki na sakafu ya karibu mita 3 kwa mita 1.5. Kimo cha ndani kwenye paa la kawaida hakifiki mita moja na nusu, kwa hiyo utavaa suruali ukiwa umekaa.

Injini: dizeli za 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) hazina turbo. Zinapanda mlima Kitonga polepole hadi malori yanakupigia honi, lakini fundi wa kijijini anazijua. 1KD ina turbo na nguvu nzuri, ila nozeli zake zikifa utalia. Ya petroli ya 2TR, lita 2.7, ni tulivu na inanywa. Mimi nina 5L. Sina haraka.

Gari lenyewe utalipata kwa njia tatu: limeletwa kutoka Japani, limestaafu udaladala, au limestaafu kubeba watalii. La Japani ni safi lakini ghali. Daladala ni rahisi kwa bei, ila mlango wake wa kuteleza umefunguliwa na kufungwa mara zisizohesabika, reli yake imelika, na giaboksi imeona mengi. Ninalolipenda kuliko yote ni gari la watalii lenye paa la kunyanyua, lile ambalo wageni husimama na kuangalia simba. Yako mengi Nairobi na Arusha. Mtu mwingine ameshakata bati, ameshaweka nguzo na mpira wa kuzuia mvua, na wewe unapata mahali pa kusimama wima bila kulipa tena. Vumbi ndani yake halitaisha hata uoshe mara saba, na chesisi lazima ikaguliwe nyufa, hasa karibu na vishikio vya springi. Ukubali hayo mawili, ulichukue.

Kagua hivi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini, ipitishe chini ya milango, kuzunguka matairi na kwenye kingo za paa. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna fila, na chini ya fila kuna kutu. Nyanyua zulia la sakafu hata mwenye gari akinuna. Gari lililoishi Tanga, Dar au Mombasa limekula chumvi miaka yote, na kutu ya pwani huanzia ndani kwenda nje. Lala chini uangalie chesisi kwa tochi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Tanzania, angalia pia faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba ya gari. Zinaonekana mtandaoni, na mwenye gari wa zamani huwa amezisahau kwa makusudi.

Karatasi kabla ya nyundo

Tanzania, gari la abiria lina namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukilifanya la binafsi linarudi kwenye namba za njano, na mabadiliko hayo hupitia TRA, mamlaka ya mapato. Nenda uulize kabla hujang'oa kiti hata kimoja, kwa sababu idadi ya viti imeandikwa kwenye kadi. Kenya, mabadiliko ya bodi huhitaji ukaguzi na kurekebishwa kwa logbook, yaani kadi ya gari, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kisha mwambie wakala wako wa bima, kwa maandishi, kwamba gari halibebi tena abiria na lina betri ya pili na jiko. Bima iliyokatwa kwa gari la aina moja inaweza isikulipe likiungua likiwa la aina nyingine.

Uzito

Kwenye kadi kuna uzito wa gari tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Tofauti yake ndiyo mali yako yote: watu, maji, kitanda, friji, mkaa, mahindi ya kuchoma utakayonunua njiani. Usijidanganye kwamba lilikuwa linabeba watu ishirini na halikulalamika. Lililalamika, ndiyo maana linauzwa.

Kipande kizima cha plaiwudi, futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, kina kilo 30 na zaidi. Vipande vinne tayari ni watu wawili wazima ambao hawashuki kamwe. Ndiyo maana leo natumia plaiwudi ya milimita 9 kwa kuta za masanduku na 12 kwa sehemu za kukalia, juu ya fremu ya skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5. Mbao ninazotumia ni paini iliyokauka vizuri. Mninga uache ukae sebuleni. Pima kila kitu kwa mizani ya bafuni kabla ya kukifunga, andika kwenye daftari, na ugawe kushoto na kulia.

Katika pesa, theluthi moja ya bajeti iweke pembeni kwa ajili ya gari lenyewe: breki, shokapu, springi za nyuma, rejeta, mikanda, matairi. Hiace nyingi huvaa 195R15C, na ile C ina maana ni tairi la mzigo. Usikubali la gari dogo la saluni linaloingia kwenye rimu ileile. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni ni wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Fanya kazi hii yote kabla ya kugusa kitanda. Nimeona gari lenye sinki la shaba likivutwa kwa kamba kutoka Mombo.

Kuvua, kuosha, kuziba

Toa viti, zulia, bitana za pembeni na dari. Bolti za viti usizitupe, na matundu yake usiyazibe: ni hazina. Kiwanda kiliyaimarisha ili yashike kiti chenye mtu wakati gari linagonga kitu. Fremu ya kitanda ikikaa kwenye matundu hayohayo hutahitaji kutoboa sakafu hata mara moja.

Osha ndani kwa maji na sabuni, uache milango wazi juani siku mbili. Halafu jaribu mvua: mtu mmoja juu na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi na chaki, anachora kila panapotokeza tone. Kwenye magari ya paa la kunyanyua maji hupita kwenye kona za mpira, kwenye ya kawaida hupita kwenye riveti za kerea la juu. Kutu isugue kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe cheupe, pakaa praima ya zinki, kisha rangi. Viungo vizibe kwa gundi ya poliyuretheni ya magari. Silikoni ya bafuni huachia ndani ya mwaka mmoja na haikubali rangi juu yake.

Ukilazimika kutoboa sakafu, tambaa kwanza chini ya gari ujue tangi la mafuta na mabomba ya breki yalipo. Pakaa rangi kwenye ukingo wa tundu siku hiyohiyo.

Joto

Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoogopa theluji. Sisi adui yetu ni bati la paa saa saba mchana. Weka nguvu zote juu: bodi ya povu gumu lenye vishimo vilivyofungwa, unene wa milimita 25, ibandikwe darini, na juu yake plaiwudi ya milimita 3 au kitambaa cha bitana kilekile ulichotoa. Ukutani weka kidogo. Pamba ya sufi iliyo wazi usiweke popote, kwa kuwa inanyonya unyevu wa pumzi zenu na kuuhifadhi kwenye bati hadi kutu ije. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo bamba linalotenganisha mbele na nyuma nalo lipate kinga, na betri isikae mgongoni pake.

Hewa ni muhimu kuliko povu. Kila dirisha linalofunguka lishonee chandarua chenye sumaku ndogo ndogo kwenye pindo, na mlango wa kuteleza upate pazia zima la chandarua. Feni ya darini ya volti 12 inayotoa hewa nje hubadilisha usiku kabisa. Kipande cha chandarua kilichopasuka pale Kilombero kitakufundisha kushona.

Kitanda na masanduku

Mtu wa kimo cha kawaida hawezi kulala kukingama ndani ya Hiace nyembamba, atakunja magoti. Kitanda kilale kwa urefu wa gari: mita 1.9 kwa mita 1.2 kwa wawili, kikibakiza upenyo pembeni na karibu mita moja mbele kwa kukaa. Kimo cha fremu ni sentimita 55 hivi. Chini yake yanaingia masanduku ya plastiki yenye mifuniko, yale ya sokoni, yaliyofungwa kwa mikanda. Hayo ndiyo makabati yangu sasa. Yakivunjika nanunua jingine kesho yake.

Fremu ichomelewe nje ya gari. Fundi wa kuchomelea akisisitiza kufanyia ndani, mwambie atoe kwanza vichwa vya betri, na ujue cheche zitachoma kila kitu chenye povu. Igawe vipande viwili vinavyoungana kwa bolti za M8 zenye nati za plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko, na washa pana kila upande. Mahali chuma kinapogusana na plaiwudi weka kipande cha mpira wa tyubu. Kelele za usiku mzima barabarani hutoka hapo.

Juu ya fremu weka mbao nyembamba zenye nafasi ya vidole viwili, si ubao mzima, la sivyo godoro litaota ukungu kwa chini. Godoro la sentimita 10 lenye ugumu wa juu linatosha, na muuza magodoro atalikata kwa kisu mbele yako.

Kiti kimoja cha nyuma chenye mkanda kibaki kwa kila mtu wa ziada anayesafiri. Kitandani hakai mtu gari likiwa linatembea, hata kama ni mjomba na amechoka.

Umeme

Hapa ndipo watu huunguza magari, kwa hiyo nenda polepole. Anza na kalamu. Friji ya kompresa ya volti 12, lita 40, hutumia wati 45 hivi inapofanya kazi, na kwenye joto letu huwaka karibu nusu ya siku: wati-saa 540. Feni usiku mzima, 180. Taa nne za LED, 50. Simu mbili, 30. Laptopu mara moja, 60. Jumla yangu ni wati-saa 860 kwa siku.

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, amp-saa 100, inabeba wati-saa 1,280 na karibu zote zinatumika. Ya risasi yenye ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unapata 600 tu, na ina uzito mara mbili au zaidi. Nilianza na ya risasi kwa sababu ya bei, ikafa kabla ya mwaka na nusu, na bei ikawa imerudi mlango wa nyuma.

Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa muda wa saa tano za jua kamili na hasara za kawaida, huleta wati-saa 700 hivi. Iinue sentimita 3 au 4 kutoka kwenye bati: inapoa, na inakuwa kivuli cha gari. Upungufu unajazwa ukiwa unaendesha, kwa chaja inayochukua umeme wa alternata na kuupeleka betri ya pili. Ya amp 20 inaleta karibu wati-saa 270 kila saa. Usiunganishe betri mbili moja kwa moja kwa waya. Lithiamu hunyonya bila huruma, na alternata ya Hiace kuukuu itaungua ikijaribu kuiridhisha.

Mpangilio ni huu. Kutoka betri ya gari: fyuzi, waya wa milimita za mraba 16, fyuzi nyingine, chaja, betri ya pili. Kutoka paneli: kidhibiti cha chaji ya sola (MPPT), betri ya pili. Kutoka betri ya pili: fyuzi kuu ndani ya sentimita 20 za kichwa chake, swichi ya kukatia, kisha boksi la fyuzi ndogo, kila kifaa na yake. Fyuzi inalinda waya, haimlindi friji, kwa hiyo ukubwa wake unafuata unene wa waya. Friji ivutie waya wa milimita za mraba 4. Fundi wa majumbani atakupa wa 1.5 kwa sababu nyumbani unatosha, lakini kwenye volti 12 umeme mwingi hupotelea njiani na friji itazimika usiku ikidhani betri imekwisha.

Kila waya unaopita kwenye bati uvishwe mpira tunduni. Mtikisiko hugeuza ukingo wa bati kuwa msumeno.

Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, sina. Birika la umeme la wati 2,000 lingevuta zaidi ya amp 160 kwenye betri, kwa sababu ya chai ambayo gesi inaichemsha kwa dakika tano.

Jiko na maji

Pika nje. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu, nao ni paa tosha la mvua. Chini yake nimeweka meza inayovutwa kwa reli za droo nzito, yenye komeo pande zote mbili. Jiko la kuwasha juu ya mtungi wa kilo 6 hukaa chini, penye ardhi sawa. Mtungi una boksi lake lililofungwa vizuri upande wa ndani, lenye tundu la sentimita 5 sakafuni linalotokeza nje ya gari, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatuama chini na kusubiri kiberiti. Valvu ifungwe kila mnapoondoka.

Jiko la mkaa lisiingie garini hata likiwa limebaki majivu yenye joto. Usiku wa baridi wa Lushoto au Njombe utakushawishi. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na anayeivuta huona usingizi tu. Blanketi la pili ni kilo mbili.

Maji ni madumu mawili ya lita 20, yamefungwa kwa mkanda mbele ya gurudumu la nyuma, si nyuma yake, na pampu ya kukanyaga kwa mguu. Tangi la kudumu lina uzito uleule pamoja na tabu ya kulisafisha, na dumu unaweza kulibeba hadi bombani. Choo ni ndoo yenye mfuniko na gunia dogo la maranda.

Vifaa ambavyo havishuki garini: kizimamoto karibu na mlango wa kuteleza, pembetatu za kuakisi, koleo, kamba ya kuvutia, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kompresa ya upepo, mkanda wa feni, na tairi la akiba lililokaguliwa upepo. Gari hili huvuta kwa magurudumu mawili. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa, hakuna ujanja, subiri ukauke.

Safari ya majaribio

Lala kwanza nje ya nyumba yako usiku mmoja, utagundua kwamba taa iko mahali pabaya. Kisha nenda mahali pa karibu penye barabara mbaya. Ndani ya hifadhi mtu hulala kambini palipotengwa tu. Hata pale Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, usiegeshe pembeni ukavuta pazia. Kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti au mtendaji kabla jua halijazama. Mara nyingi nimeonyeshwa uwanja wa shule au wa kanisa, na mara mbili nimeletewa ndizi.

Kabla ya kuondoka, chukua rangi nyeupe na kijiti, uchore mstari mmoja unaoanzia kwenye kila nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya kilomita 200 simama, pita na tochi. Mstari uliokatika ni nati iliyozunguka. Mimi nilikuta kumi na moja mara ya kwanza, nne mara ya pili, na moja, ile ya kishikio cha friji, bado naikaza kila nikifika Makuyuni.